Karo 12, nyufa 7: kisa cha ukuta wa ua la shaba, Lubumbashi

Karo ya kwanza, yaani kigae cha udongo cha kupamba ukuta, ilitoka vipande viwili. Ya pili ilikua nzima. Ya tatu ilikua nzima mikononi mwangu, nikaiweka chini kwenye simenti, nikasikia "ti", alafu ufa ukatembea polepole toka kona mpaka katikati kama mtu anachora na kalamu. Siku ile tulikua na karo 12, zote sentimita 30 kwa 30, na tulipomaliza kufuta majivu tukahesabu 7 zimepasuka. Kazi ya wiki sita.

Nakieleza kisa chote, toka oda mpaka ukuta uliposimama, juu naona vijana wengi hapa Lubumbashi wameanza kuchoma raku, yaani kutoa chombo cha udongo motoni kikiwa chekundu na kukifukiza moshi, kwa kufuata video, na video karibu zote ni za bakuli na vyombo vya maua. Karo ni kitu kingine. Bakuli ina mviringo, moto unaizunguka, likivimba linavimba lote. Karo ni bapa, ina kona nne, kona zinapoa wakati katikati bado ni nyekundu, na ile tofauti ya joto ndani ya kitu kimoja njo inaipasua. Mimi hilo nililijua baada ya kupoteza 7.

Oda ilitoka kwa mama mmoja ambaye alikua anafungua nyumba ndogo ya wageni. Alikuja atelie na mtoto wake wa kike, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaangalia vitu vyote bila kusema kitu, alafu akaniambia, "Mwanangu, sitaki mapambo ya malakiti ukutani, yale mawe ya kijani ya shaba, hayo yako kila mahali. Nataka lile ua la shaba. Mgeni akiingia ajue yuko Katanga kabla hajauliza." Baba yake alifanya kazi ya mgodi na alikua anawapeleka wakiwa watoto kwenye vilima vya shaba kuona maua. Nilimwelewa palepale.

Kwa wale wasiolijua: kwenye vilima vya huku ambavyo udongo wake una shaba nyingi, miti ya miombo haipandi, inaishia chini, na juu unakuta majani tu na mimea michache inayovumilia ile sumu. Mmoja wao njo ua la shaba, wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, ni wa jamaa moja na mrehani, ua lake la zambarau linaloelekea bluu. Wazee waliotafuta madini walilitumia kama alama, na watafiti wa mambo ya kale nao wamelikuta limeota pale ambapo wafua shaba wa zamani walikua na tanuru zao, maana udongo wa pale ulibaki na shaba. Yaani ua linakuonyesha mahali moto ulikua. Nilipoambiwa nilichore kwa udongo, nilichome kwa moto na kulipaka rangi ya shaba, nilijisikia kama hii kazi imenisubiri.

Na raku yenyewe ina njia yake na karo. Wengi wanadhani ilianza na vikombe. Ni kweli vikombe vya chai njo viliipa jina, kule Kyoto, Japani, karne ya 16, lakini mtu aliyevifanya, Chōjirō, alikua fundi wa vigae vya mapaa. Kitu chake cha zamani kinachojulikana chenye tarehe ni simba wa udongo wa mwaka 1574, na kimetoka kwenye mikono ile ile ya vigae. Alafu bingwa wa sherehe ya chai Sen no Rikyū akamwomba vikombe, na jina la Raku likabaki na familia yake mpaka leo. Ila raku tunayofanya sisi, ya kutoa kitu chekundu motoni na kukitupa ndani ya majani na unga wa mbao kikafuka moshi, hiyo imetoka Marekani, kwa Paul Soldner, mwaka 1960. Wajapani wa zamani walikitoa kikiwa chekundu na kukiacha kipoe hewani, bila pipa la moshi. Nasema hivi juu mtu akikuambia "fanya kama Wajapani" na wewe unataka rangi ya shaba inayong'aa, mtapotezana.

Bon, turudi kwa karo.

Udongo nilichukua kwa wapiga tofali, wa kichuguu. Huku kwetu tofali nyingi zinatoka kwenye vichuguu, mchwa wanapandisha udongo laini toka chini, wanautengeneza kuliko mashini. Ni udongo mzuri sana kufinyanga lakini kwa raku peke yake ni laini mno, unabana, moto wa ghafla unaukata. Kwa hiyo unautia shamoti, yaani tofali au vyungu vilivyokwisha kuchomwa ukavisaga mpaka viwe kama chumvi ya mawe. Nilitia sehemu 3 kwa 10. Zile punje zinaacha njia ndogo ndogo ndani ya udongo, kitu kikivimba na kusinyaa kinapata nafasi ya kupumua, na ata ufa ukianza unakutana na punje unasimama. Nilichora mstari wa sentimita 10 kwenye kipande cha majaribio, baada ya kukauka na moto wa kwanza ukawa 9.2, nikaridhika.

Karo nilizikunjua unene wa sentimita moja na nusu, nikakausha wiki mbili katikati ya mbao na magazeti, nikizigeuza kila siku. Upande huo sikukosea na ata leo nafanya hivyo hivyo, karo inayokauka haraka upande mmoja inapinda kama jani la tumbako na hakuna moto wa kuirudisha. Majani ya kweli niliyabandika kwenye udongo mbichi, nikayakandamiza na chupa. Majani machanga ya miombo yanapendeza, yale ya mwezi wa 9 na wa 10 kabla mvua haijaanza, wakati pori lote linakua jekundu kama shaba yenyewe. Mishipa yake inaingia kwenye udongo mpaka ile midogo kama nywele, na jani lenyewe linaungua lote kwenye moto wa kwanza, linaacha kivuli chake.

Moto wa kwanza digri 950, polepole. Hakuna iliyopasuka.

Emaye, yaani ile ngozi ya kioo inayopakwa juu ya udongo, ya msingi ilikua friti (kioo kilichosagwa) yenye boraksi sehemu 85 na kaolini, udongo mweupe, 15, inayeyuka vizuri kwenye digri 980 mpaka 1000. Kwa maua na baadhi ya majani nikaongeza shaba, gramu 4 kwa kila 100. Na shaba yangu ilikua malakiti, vumbi na vipande vidogo vinavyobaki kwa wachongaji. Malakiti ni kaboneti ya shaba tu, kile kitu ambacho wafinyanzi wa nchi zingine wanaagiza kwenye mfuko, sisi tunakanyaga. Lakini sikilizeni vizuri: ile vumbi ni mbaya. Nilisaga na maji, ndani ya kinu, sijawahi kuisaga kavu, na barakoa ya kweli usoni, ata kitambaa hakitoshi. Mwenzangu mmoja aliisaga kavu chumbani siku nzima akaugua kifua wiki mbili. Na chombo kilichopakwa emaye ya shaba ya raku kisitumike kula wala kunywa, raku inabaki na matundu, inanyonya, na shaba inatoka.

Mahali nilitaka mistari myeusi, kama shina na mipaka ya petali, nilipaka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa na mafuta kidogo. Emaye haishiki kwenye nta. Nta inaungua, udongo unabaki uchi, na moshi ukija unaingia ndani ya udongo uchi unakua mweusi kabisa, mweusi wa makaa. Hapo njo raku inaipita rangi yoyote ya dukani.

Furu, yaani tanuru yangu, ni pipa la mafuta la lita 200, ndani lina blanketi la nyuzi za seramiki, chini tofali za moto, na gazi. Siku ile nilizilaza karo nne nne, bapa, juu ya vigae vya furu. Nilipandisha moto mpaka digri 990 kwa saa moja na dakika kumi. Nilikua na furaha, nikidhani moto ukipanda haraka ni fundi mzuri. Emaye ikaanza kung'aa kama asali, nikafungua, nikashika karo na koleo, mdogo wangu akashika mfuniko wa pipa la moshi, tukahamisha moja moja. Nne zikaisha, tukaanza nne zingine. Kuhamisha karo moja kulichukua kama sekunde kumi. Zile sekunde kumi karo ilikua hewani, imeshikwa kwenye kona moja na chuma cha baridi.

Jioni njo ile hesabu ya 7.

Mtu wa kwanza niliyemwita ni papa mmoja wa zamani aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kuyeyusha madini, sasa amepumzika. Hajui raku. Lakini anajua kitu cha moto kinapasuka namna gani. Hakuuliza nimetumia emaye gani. Alichukua vipande, akavipeleka kwenye mwanga, akaanza kuangalia ukingo wa ufa, kimoja kimoja, akavipanga kwenye meza mafungu matatu bila kuniambia kwa nini. Alafu akasema, "Papa, hizi hazikufa ugonjwa moja."

Hapo nataka muangalie polepole, juu njo moyo wa kisa.

Fungu la kwanza lilikua karo mbili. Kwenye ukingo wa ufa emaye ilikua imeviringika, mviringo laini, kama maji yanavyosimama kwenye ukingo wa jani la muhogo. Maana yake ufa ulikuwepo kabla emaye haijayeyuka. Emaye ilipoyeyuka ilikuta ufa, ikajivuta nyuma pande zote mbili. Kwa hiyo hizo mbili zilipasuka wakati wa kupandisha moto, ndani ya furu, ata kabla sijagusa koleo.

Fungu la pili, karo nne. Emaye imekatika kali, ukipitisha kidole inakukata, na ndani ya ufa udongo ni mweusi. Emaye kali inasema ufa ulikuja wakati emaye imekwisha kuganda au inaganda, ndio kusema nje ya furu. Weusi ndani unasema ufa ulikuwepo tayari wakati wa moshi. Kwa hiyo zilipasuka katikati ya furu na pipa, au dakika za kwanza ndani ya pipa. Na kwenye tatu kati ya hizo nne ufa ulianzia kona ile ile niliyoshika na koleo, alama ya meno ya koleo iko pale.

Fungu la tatu, ile moja niliyoisikia na masikio yangu. Emaye imekatika kali, na ndani ya ufa udongo ni wa rangi yake, mwekundu mwekundu, safi, bila moshi. Ilipasuka baada ya kila kitu, nilipoiweka ikiwa bado moto kwenye simenti yenye maji.

Nilikaa chini. Mimi nilikua nimekwisha kuamua kosa ni udongo. Nilikua tayari kutupa udongo wote na kutafuta mwingine. Kama si yule papa ningebadilisha kitu pekee kilichokua sawa, na karo zingepasuka tena vile vile.

Ugonjwa wa kwanza, wa kupandisha. Udongo wa huku una mchanga mwingi wa kwaritzi, na kwaritzi ikifika digri 573 inabadilika umbo lake na kuvimba ghafla, karibu asilimia 1 ya ujazo, na ikishuka inarudi. Haina shida kama karo yote inapita 573 pamoja. Lakini karo zangu zilikua zimelala bapa juu ya kigae kinene: juu moto unaipiga, chini kigae bado baridi kimeinyonya. Upande wa juu ulipita 573 wakati wa chini uko 400. Juu imevimba, chini imekataa. Na nilipita pale mbio.

Ugonjwa wa pili nimekwisha kusema, hewa na koleo. Na ukubwa wa karo. Sentimita 30 ni nyingi, toka kona mpaka katikati kuna safari, na joto linasafiri polepole ndani ya udongo wenye matundu.

Wa tatu ni haraka yangu tu.

Kwa siku mbili sikufanya kitu, nikaenda kumweleza mama. Nilibeba vipande kwenye karatasi nikamwonyesha ukweli wote, nikamwambia pesa ya kwanza nimekwisha kuitumia na nitaanza tena kwa gharama yangu, lakini karo za 30 kwa 30 sitafanya tena. Akachukua kipande kimoja chenye nusu ya ua, ufa ulikua umepita pembeni ya shina, karibu sawa na shina lenyewe. Akasema, "Lakini huyu amekata pazuri." Hakusema zaidi. Ila nilirudi nyumbani na lile neno kichwani.

Juu ni kweli. Ule ufa ulifuata mstari wa nta, mahali udongo uko uchi na emaye haipo. Nilikua nimechora ua moja kubwa alafu nikalikata kwa miraba, kama vile mtu anakata picha kwa mkasi bila kuangalia nani yuko ndani. Kwa nini mraba? Hakuna kitu cha mraba kwenye kile kilima. Nikachukua kartoni ya ukubwa wa ukuta, sentimita 90 kwa 120, nikachora upya, na safari hii mistari ya kukata ilikua mashina, mipaka ya petali, mawe, mgongo wa jani. Vipande vilikua 64, kikubwa kina sentimita 16, vidogo kama kidole gumba. Nafasi kati ya vipande njo mstari mweusi wa mchoro. Wale wachoraji wa hapa wa atelie ya Hangar ya Romain-Desfossés miaka ya 1940, akina Pilipili, Bela na Mwenze, ukiangalia picha zao hakuna mahali wazi, samaki, majani, ndege, kila kitu kimejaza nafasi yake mpaka kinamgusa jirani. Niliwafikiria wao sana nilipokua nakata.

Mpango wa moto ulibadilika wote. Vipande nilivisimamisha wima, kama sahani kwenye kichanja cha kukaushia vyombo, ndani ya mifereji niliyokata kwenye tofali laini za moto, na ukingo wa chini niliuacha bila emaye milimita tatu ili usigande. Vikisimama, moto unavipata pande zote mbili sawa. Toka asubuhi vilikaa juu ya furu vikipata joto la bure, alafu nikapandisha polepole: saa moja na nusu mpaka digri 600, na kuanzia 650 ndio nikafungua gazi yote.

Na koleo tuliiacha kabisa. Fundi sudere, mchomelea vyuma, alinitengenezea furu ya kunyanyua, pipa halina sakafu, lina mikono miwili ya chuma pembeni. Emaye ikiyeyuka unafunga gazi, watu wawili na glovu za ngozi na nguo za pamba (nailoni inayeyuka kwenye ngozi, tafadhali), mnanyanyua pipa lote juu, mnaliweka pembeni. Vipande vinabaki palepale vinawaka rangi ya chungwa, havijasogea ata kidogo. Mtu wa tatu anamwaga unga wa mbao na majani makavu kuzunguka, ndimi za moto zinapanda mita moja, alafu hapo hapo mnafunika na pipa lingine lisilo na tundu, na mchanga mkavu kuziba chini. Tulihesabu sekunde sita toka kunyanyua mpaka kufunika. Na kila kitu kilishuka pamoja ndani ya joto la pipa, hakuna kona iliyoshikwa na chuma. Tunafanyia nje, uwanjani, upepo ukituenda mgongoni, na ndoo mbili za maji na moja ya mchanga, na tuliwaambia majirani siku moja kabla.

Moto wa kwanza wa mpango mpya, vipande 16, tulifunika saa tisa mchana na sikuruhusu mtu kufungua mpaka usiku saa mbili. Mdogo wangu alikua anazunguka pipa kama kuku anayetaka kutaga. Tulifungua na tochi. Unavyotoa kipande ni cheusi kote, masizi, hauoni kitu. Unachukua ndoo ya maji ya vuguvugu, kikiwa kimepoa kabisa, na sponji na unga kidogo wa kusugulia sufuria, unasugua, na rangi inatoka chini ya kidole chako. Petali ya kwanza ilikua na wekundu wa shaba mpya, kama waya uliokatwa sasa hivi, alafu kwenye ukingo inageuka zambarau, alafu bluu nyembamba kama utando wa mafuta juu ya maji. Zambarau ya lile ua. Sikuiweka mimi, nilitia shaba tu. Moshi ukikosa hewa unaivuta oksijeni toka ndani ya shaba, shaba inarudi metali tupu, na mahali ilirudi nusu njo zile rangi za katikati. Mashina yalikua meusi kabisa na jani la miombo limetoka na mishipa yote.

Hakuna iliyopasuka kati ya 16. Nilikaa kwenye tofali nikalia kidogo, sioni aibu kusema.

Kwa jumla mioto minne, vipande 64, tulipoteza 5. Viwili vilikua virefu na vyembamba kama mjeledi, mashina, hivyo nilivikata nusu nikavifanya upya. Kimoja kilianguka mkononi. Viwili sijavielewa mpaka leo, emaye kali, ndani nyeusi, kama lile fungu la pili.

Kwenye moto wa tatu pipa la kufunika lilikua limepinda chini, mchanga haukuziba upande mmoja, hewa ikaingia wakati vitu bado ni moto. Vipande vinne vya upande huo vilitoka kijani. Shaba ikipata hewa ikiwa moto inarudi kijani, njo sheria yake. Vitatu nilivichoma tena, vikawa vyekundu, raku inakubali kurudiwa ukienda polepole. Cha nne mama alikua amepita atelie siku hiyo akakiona, kijani ya malakiti upande mmoja na shaba upande mwingine, akakataa kabisa nisikiguse.

Kubandika nako kulitaka akili. Fundi wa karo aliyekua anafanya choo cha nyumba ile alitaka kubandika na simenti na kujaza joini, simenti ya katikati ya karo, kijivu kama kawaida. Nilimpa kipande kimoja kilichopasuka ajaribu. Emaye ya raku ina nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, na zile nyufa zilinyonya kijivu chote, kipande kikakua kama kimemwagiwa maziwa, ata kusugua haitoki. Kwa hiyo tuliacha joini. Tulichukua mbao sita za tripleksi, tukazipaka rangi nyeusi, tukabandika vipande na silikoni na kuacha nafasi ya milimita tatu, weusi wa mbao njo ukawa mstari. Kila mbao ina skrubu nane ukutani. Vipande vyote vilipata verni ya akriliki mara mbili kabla. Na nilimwandikia mama kwenye karatasi: ndani tu, mbali na maji na jua, kufuta na kitambaa kikavu, na ule wekundu wa shaba unaweza kupungua kadiri miaka inavyopita, juu ni shaba nyembamba sana na hewa inaipenda. Mteja lazima ayajue haya kabla hajalipa. Kuna watu wanauza raku ya shaba ya kuweka bafuni, na huo ni wizi.

Bei ilikua dola 700 na nilibaki na kitu kidogo sana. Friti ilipitia mpaka wa Kasumbalesa na gazi ya mioto ile ya kwanza ilikwenda bure. Sasa oda ya karo nikiipokea nahesabu kipande kimoja cha ziada kwa kila vinne toka mwanzo, nakichoma pamoja na vingine, na gharama yake iko ndani ya bei. Na ninachoma kwanza vipande vitatu vya majaribio vya udongo ule ule na emaye ile ile, siku nzima, mbele ya mteja kama anataka.

Ukuta sasa umemaliza misimu miwili ya mvua. Nilipita wiki iliyopita. Mbao ya chini karibu na mlango, pale mlango unabaki wazi na unyevu unaingia, vipande vitatu vimeanza kupoteza wekundu, vinaelekea kahawia. Mama alikua ameshaviona. Tumepatana mwezi wa 5, mvua ikikatika, nitatoa zile skrubu nane, nikate silikoni na waya, niondoe verni, nivichome tena. Kile cha nne cha kijani kiko kwenye mbao hiyo hiyo, katikati yao, na amenirudilia mara mbili kwamba hicho kibaki ukutani siku hiyo nikivibeba vingine.